Nyoka wa Maji, Bwana Boma na Majina ya Ziwa: Kuhusu Historia ya Watu na Nyoka katika Mwambao wa Kalemie

Utangulizi

Historia ya Kalemie imezoea kuandikwa kwa tarehe za askari, wamisionari na reli. Husemwa kwamba mji ulianza kama ngome iliyojengwa na Jules Jacques mwishoni mwa mwaka 1891, ukaitwa Albertville, ukafikiwa na reli kutoka Kabalo mwaka 1915, na mwaka huohuo ukawa kituo cha vita vya majini dhidi ya meli za Wajerumani, kabla ya kupewa jina unalolibeba leo. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi kwa kutupa nyavu, kulima muhogo au kusomba kuni, kuna historia nyingine isiyo na mnara wala sikukuu, nayo ni ile ya makutano ya kila siku kati ya binadamu na viumbe wanaomzunguka. Miongoni mwa viumbe hao hakuna anayeogopwa na kusimuliwa kama nyoka.

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia hiyo kwa kumfuata hasa nyoka mmoja, yaani swila wa maji wa Ziwa Tanganyika, pamoja na kumlinganisha na wengine wakubwa au wenye sumu wa nchi kavu. Hoja yenyewe ni moja. Tangu mwaka 1886 nyoka huyu amejulikana duniani kwa jina la mtu aliyempeleka Ulaya, wala si kwa maarifa ya watu waliokuwa wakikutana naye majini. Pengo hilo kati ya jina na maarifa halikuishia katika vitabu vya zamani, kwani hadi leo lina gharama kwa anayeumwa.

1. Nyoka katika lugha

Inafaa kuanza na maneno, kwa sababu ndiyo kumbukumbu ya kale kuliko maandishi yoyote. Neno nyoka si mali ya Waswahili peke yao. Kilingala husema nyoka, Kishona nyoka, Kizulu inyoka, Kinyarwanda inzoka, Kichewa njoka. Neno lililoenea kwa umbo karibu moja kutoka msitu wa Kongo hadi kusini mwa Afrika haliwezi kuwa la jana. Mababu wa wasemaji wa lugha hizi walikuwa nalo kabla hawajatawanyika. Chatu naye anafuata mkondo huo: Kishona humwita shato, na Kichewa humwita nsato. Kwa hiyo watu waliofika kwenye mwambao wa Tanganyika kizazi baada ya kizazi hawakuja mikono mitupu. Walikuja na majina, na pamoja na majina, tahadhari.

Kiswahili nacho kilifika ziwani kikiwa na orodha yake kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, kwa njia ya misafara iliyopita Tabora na Ujiji. Kamusi za Kiswahili zinataja swila na fira, koboko, kifutu, moma na chatu. Orodha hiyo ni tajiri, lakini ilikusanywa hasa mahali ambapo swila wa maji hayupo. Huyu ni nyoka wa mito na maziwa ya Afrika ya kati. Mombasa na Unguja hazimjui. Ndiyo maana msemaji wa Kalemie anayetaka kumtaja hutumia maneno ya kawaida tu: nyoka ya mayi.

Katika maneno hayo machache mwanaisimu huona mambo mawili. La kwanza ni sarufi. Kiswahili sanifu humpa mnyama upatanisho wa kiumbe hai, nyoka wa maji, ilhali usemi wa Katanga na Tanganyika humwacha nyoka katika ngeli ya umbo lake, nyoka ya mayi. Hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa kosa, maana ni mfumo wenye utaratibu wake. La pili ni la maana, nalo ni zito zaidi. Nyoka ya mayi aweza kuwa nyoka yeyote aishiye majini. Sasa, Ziwa Tanganyika lina pia nyoka mwingine wa maji, ambaye wataalamu humwita Lycodonomorphus bicolor. Huyo haonekani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili, naye hana sumu ya kumdhuru mtu. Wote wawili hula samaki na hukaa miambani. Jina moja, basi, laweza kumfunika asiye na madhara na mwenye sumu ya kuua. Mvuvi mzoefu huwatofautisha kwa macho, lakini anayemsimulia mwenzake, au anayemweleza muuguzi, hana uhakika kwamba tofauti hiyo itavuka pamoja na neno.

2. Maisha ya swila wa maji

Ni mnyama wa namna gani huyu? Ni nyoka mrefu, wa rangi ya kahawia, mwenye mistari michache myeusi shingoni. Ndugu yake wa mito ya magharibi ana pete nyeusi mwili mzima. Huyu wa Tanganyika zimembakia za shingoni tu. Wengi wao hawazidi meta 2 kwa kiasi kikubwa, ingawa wapo waliopimwa na kufikia meta 2.7. Huwinda samaki mchana na usiku, huzamia kina kirefu, na aweza kukaa chini ya maji dakika kadhaa kabla ya kurudi kuvuta pumzi. Makao yake ni nyufa za miamba kandokando ya maji, lakini hupenda pia kazi za mikono ya binadamu: mawe ya gati, nguzo za daraja na kuta zilizobomoka.

Sumu yake, kama ya maswila wengi, hushambulia mishipa ya fahamu. Kope hulegea, ulimi huwa mzito, na mwisho misuli ya kupumulia hushindwa kazi. Pamoja na hayo, tabia yake ni ya upole kuliko sifa yake. Akimwona mtu majini, kwa kawaida hujiendea zake. Akikutwa nchi kavu, hukimbilia maji. Hutanua shingo na kutisha pale tu anapozingirwa. Hatari yake kubwa ni ya bahati mbaya: mkono unaoingizwa kati ya mawe kutafuta wavu ulionasa, au wavu unaopandishwa gizani ukiwa na nyoka pamoja na samaki.

Hapa ndipo maarifa ya wavuvi yanapoonekana. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi na kina cha karibu meta 1,470, lakini uhai wa nyoka huyu uko katika ukanda mwembamba wa kando, ule ambao pia ni njia ya mtumbwi, mahali pa kuoga, pa kufulia na pa kuteka maji. Nyoka na binadamu hawakukutana kwa nadra, kama mwindaji na simba, wamekuwa majirani. Ujirani wa namna hiyo hudumu kwa kujua nani hupita wapi na saa ngapi.

3. Kutoka Mpala hadi Brussels

Ujirani huo uliingia katika maandishi ya Ulaya kwa njia ya boma. Tarehe 4 Mei 1883, Émile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika la mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo Mpala, kusini mwa mahali ulipo mji wa Kalemie leo, katika nchi ya Watabwa. Alikuwa ametokea Karema, ng'ambo ya mashariki. Pamoja naye walikuwako watu wa Unguja na wa Unyamwezi, ambao Kiswahili chao ndicho kilichokuwa lugha ya kazi. Wenyeji wakampa jina kwa kile walichokiona akifanya: Bwana Boma.

Bwana Boma hakujenga tu. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wake walishambulia kijiji cha Lusinga, mtawala aliyekuwa na nguvu katika milima ya nchi hiyo, wakamwua na kumkata kichwa. Fuvu la Lusinga, pamoja na ya watawala wengine wawili, lilisafirishwa hadi Ubelgiji. Sanamu ya ukoo wake nayo ilichukuliwa, na hatimaye ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Allen F. Roberts, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Watabwa katika miaka ya 1970, ameyaeleza mambo hayo kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 2013.

Katika shehena hizohizo za miaka ya Mpala walikuwamo pia wanyama. Mwaka 1886 Louis Dollo, mtaalamu wa makumbusho ya elimu ya viumbe ya Brussels, yule aliyepata sifa kwa kuiunga mifupa ya iguanodoni wa Bernissart, alichapisha taarifa juu ya reptilia na amfibia kutoka Tanganyika. Kichwa cha taarifa chasema kwamba walikusanywa na kapteni Storms. Mmoja wao alikuwa nyoka ambaye Dollo aliona hafanani na wale waliokwisha kuelezwa, akamtungia jenasi mpya: Boulengerina stormsi. Sehemu ya kwanza ya jina ilimheshimu George Albert Boulenger, mzaliwa wa Brussels aliyefanya kazi katika makumbusho ya London. Sehemu ya pili ilimheshimu Storms.

Neno “walikusanywa” linastahili kutazamwa mara mbili. Mkuu wa boma mwenye vita, ujenzi na barua za kuandika si mtu anayeelekewa kuingiza mkono wake katika nyufa za miamba ili kumtoa swila. Kazi hiyo inamhitaji mtu anayejua mwamba upi, saa ipi, na namna ya kumshika nyoka asimwume. Kwa hiyo yafaa kudhani kwamba nyuma ya kila mnyama wa aina hii yuko mwenyeji aliyemwona kwanza. Jina la Kilatini halikumwachia mtu huyo nafasi.

Yaliyofuata yanaonyesha jinsi majina ya kitaalamu yanavyosogea na kubaki. Baadaye ilieleweka kwamba nyoka wa Dollo ni spishi moja na yule wa magharibi, aliyeelezwa na Buchholz na Peters mwaka 1876 kwa jina la annulata. Mwaka 2007 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba maswila wa maji ni tawi la maswila wengine wa Afrika, na jenasi Boulengerina ikaingizwa katika Naja. Leo nyoka wa Kalemie huandikwa Naja annulata stormsi. Boulenger ameshushwa daraja, Storms amebaki.

Amebaki hata pale alipoondolewa kwingine. Mnamo Juni 2022 sanamu yake ilitolewa katika bustani ya Square de Meeûs huko Brussels, baada ya mjadala wa miaka kadhaa kuhusu fuvu la Lusinga, ambalo tangu mwaka 1964 limehifadhiwa katika taasisi ileile iliyorithi makumbusho ya Dollo. Kuhusu majina ya wanyama, tume ya kimataifa inayoyasimamia ilieleza mwaka 2023 kwamba haitabatilisha jina kwa sababu za kimaadili, kwa kuwa uthabiti wa majina ndio msingi wa kazi yake. Hoja hiyo ina uzito wake. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mmoja wa majirani wa kale wa wavuvi wa Tanganyika anabeba jina la aliyemshinda Lusinga.

Si vibaya kumlinganisha na samaki. Kati ya mwaka 1911 na 1913 daktari Louis Stappers aliongoza msafara wa kuchunguza maziwa ya Tanganyika na Mweru, na mwaka 1914 Boulenger akampa mgebuka jina la stappersii. Lakini mgebuka, au mukeke kama aitwavyo kaskazini mwa ziwa, huuzwa sokoni, na soko halikubali jina la kigeni. Samaki ana bei, kwa hiyo jina lake la kienyeji linalindwa kila asubuhi. Nyoka hana bei. Jina lake hukaa vinywani mwa wachache, nao wanapokufa hakuna soko la kulihifadhi.

4. Ukubwa na sumu

Kutokana na hayo mtu angeweza kufikiri kwamba nyoka anayejulikana zaidi ni yule anayedhuru zaidi. Historia ya eneo hili inaonyesha kinyume. Nyoka wa Katanga aliyetangaa kuliko wote duniani ni mmoja ambaye hakuwahi kupimwa. Mwaka 1959 Remy Van Lierde, rubani wa Kibelgiji wa kambi ya Kamina, alisema ameona kutoka katika helikopta nyoka wa karibu meta 15, na picha ikapigwa. Picha hiyo ilizunguka magazetini na katika televisheni kwa miongo mingi. Chatu wa Afrika aliyepimwa kwa kamba, hata akiwa mkubwa sana, mara chache huzidi meta 5 au 6.

Kwa wenyeji ukubwa wa nyoka una kazi tofauti. Roberts amerekodi simulizi za Watabwa kuhusu Nfwimina, joka ambalo pumzi yake ni upinde wa mvua nalo huzuia mvua kunyesha. Kwa Waluba, walio wengi katika sehemu za magharibi za mkoa, Nkongolo, mfalme mwekundu wa masimulizi ya asili, naye anahusishwa na upinde wa mvua na nyoka. Katika simulizi hizi joka halitangazwi kama windo la ajabu. Ni namna ya kufikiri juu ya ukame, utawala na mipaka ya nguvu ya binadamu. Kiswahili chenyewe kinaitambua tofauti hiyo kwa umbo: nyoka hukutwa njiani, joka hukutwa katika hadithi.

Wanaoua, lakini, ni wale wa njiani. Kifutu ni mfupi na mnene. Hana umbo la kuvutia msimulizi. Hulala kimya katika majani makavu akitegemea rangi yake, asikimbie hata anaposikia hatua, na mkulima humkanyaga. Sumu yake huharibu nyama, na anayepona aweza kubaki bila mguu. Koboko ni mwepesi na sumu yake hufanya kazi kwa haraka. Maswila wa nchi kavu huingia nyumbani wakifuata panya na vyura. Aliyeumwa na nyoka, wasema Waswahili, akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo hunukuliwa kwa mambo mengine ya maisha, lakini ilizaliwa katika shamba, na watu wa shamba bado wanaisema kwa maana yake ya kwanza.

5. Tiba na maarifa

Kila jamii iliyoishi na nyoka ilitafuta wataalamu wake. Mashariki mwa ziwa, Wasukuma walikuwa na chama cha wacheza nyoka, Buyeye, ambacho Hans Cory alikieleza mwaka 1946. Wanachama wake walijifunza kuwashika nyoka, kuwacheza hadharani na kuandaa dawa. Upande wa Kongo, katika karne ya 20, dawa iliyoenea hasa kwa njia ya misheni ni jiwe jeusi, ambalo kwa kweli ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, unaobandikwa juu ya jeraha ili “unyonye” sumu. Majaribio ya maabara hayakuonyesha kwamba linaiondoa sumu. Limedumu kwa sababu mbili zilizo wazi: meno ya nyoka wengi hayana sumu, na nyoka mwenye sumu huweza kuuma bila kuimwaga, kwa hiyo wengi wangepona hata bila jiwe, tena jiwe lipo kijijini, na dawa ya hospitali haipo.

Dawa yenyewe ina zaidi ya karne moja. Albert Calmette aliitengeneza mwaka 1895 kwa sumu ya swila wa Asia. Tangu hapo imejulikana kwamba dawa huandaliwa kwa sumu za nyoka maalumu, na huwafaa hasa walioumwa na nyoka hao au ndugu zao wa karibu. Kampuni ya Sanofi Pasteur ilipoacha kutengeneza Fav-Afrique mwaka 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda wake mwaka 2016, nchi nyingi za Afrika ziliachwa na upungufu mkubwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Shirika hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani.

Kalemie inasikia hesabu hiyo kwa namna yake. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, hasa kuanzia mwaka 2016, yaliwaleta maelfu ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji, wakalala chini katika vibanda vya majani. Miaka ya hivi karibuni, na hasa mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda na kumeza nyumba za ufukweni. Ukuta uliozama ni ufa mpya wa mwamba kwa nyoka wa maji. Na mwenye nyumba anayerudi kuokoa mabati yake anaingiza mkono mahali asipopaona.

Katika hali hiyo jina la nyoka hupata uzito mwingine. Ni kweli kwamba muuguzi huongozwa kwanza na dalili: uvimbe na damu humpeleka upande mmoja, kope zinazolegea upande mwingine, na hakuna anayepaswa kumfukuza nyoka ili amlete kituoni. Lakini mgonjwa akisema nyoka ya mayi, na muuguzi aliyetoka mkoa mwingine akadhani kwamba nyoka wote wa maji hawana sumu, saa za kwanza zitapotea. Angemngojea tu, na pumzi haingoji.

Hitimisho

Imeonekana kwamba historia ya watu na nyoka mwambaoni ina tabaka tatu. Ya kwanza ni ya maneno ya kale, nyoka na chatu, yaliyokuja na wenyeji wenyewe. Ya pili ni ya boma na makumbusho, ambayo mwaka 1886 ilimpa nyoka wa ziwa jina la Storms na kumwacha nje aliyemjua. Ya tatu ni ya zahanati, ambamo kukosekana kwa jina linaloeleweka na wote huwa jambo la uhai.

Tabaka ya pili haiwezi kufutwa, na pengine haina haja. Tabaka ya kwanza ndiyo iliyo hatarini. Majina ya nyoka katika Kitabwa, Kiholoholo, Kiluba na Kibembe, pamoja na maelezo ya wavuvi na wakulima ya kumtofautisha huyu na yule, yanaweza kukusanywa kijiji kwa kijiji, kutoka Mpala hadi kaskazini mwa Kalemie, na kuwekwa kando ya majina ya Kiswahili na ya kitaalamu katika orodha moja itakayomfaa mwanafunzi wa lugha na muuguzi vilevile. Ni kazi ya daftari na subira, isiyohitaji mtambo wala fedha nyingi. Wazee wa kuulizwa wangali wakikaa ufukweni jioni, wakishona nyavu, na wenyewe hawajamwita nyoka wao kwa jina la Storms hata siku moja. Yule Mbelgiji, kwa Watabwa, alikuwa Bwana Boma tu.